Faini

Nimekaa nyuma yake miaka kumi na minne,
magurudumu mawili mapajani, spana mfukoni,
nikiisoma shingo ya Odilon Kerckaert
kama wengine wanavyosoma saa ya ukutani.
Ikiwa nyekundu, kuna mlima.
Ikiwa nyeupe, kuna mtu ameanguka.

Mguu wake wa kulia haujastaafu.
Tukikipanda kilima cha Hoenderberg, unakanyaga,
unakanyaga zulia la gari hadi linatoboka.
Nimelishona mara mbili kwa uzi wa viatu.

Zamani alikuwa mbeba chupa.
Si neno la heshima, lakini ndilo neno.
Alirudi nyuma hadi kwenye gari,
akashindilia chupa saba ndani ya fulana, mgongoni,
akapanda tena, akagawa maji
kwa watu ambao majina yao
yaliandikwa kwa chokaa barabarani.
La kwake liliandikwa mara moja tu,
na mama yake, mbele ya duka la nyama,
na mvua ikalifuta kabla hajapita.

Alishinda pia mara moja: mbio za sikukuu ya kijiji,
zawadi ni paja la nguruwe na saa isiyotembea.
Nyama waliila.
Saa anaivaa hadi leo.

Kuna siku nyingine hapendi kuulizwa.
Yuko mbele peke yake,
zimebaki kilomita kumi na moja,
barabara ya mawe, tope hadi kwenye meno.
Gari likaja ubavuni, kioo kikashuka,
na meneja wa enzi zile, sigara mdomoni,
akatamka neno moja: Subiri.
Nahodha yuko nyuma, tairi limepasuka.
Odilon akaacha kukanyaga.

Subira huvuta heri, ndivyo isemwavyo.
Ya kwake iliivuta kweli,
ikaipitisha mbele ya macho yake,
ikaenda kuivisha shingo ya mwingine.

Mtulinga ulipovunjika mara ya tatu
aliuza baiskeli, akanunua koti lenye mifuko mingi,
akawa meneja: risiti, hoteli, wali usio na chumvi,
wadhamini wauza vigae vya vyoo,
na vijana wanaowalilia mama zao kwenye simu saa nne usiku,
yeye akiwa nje, koridoni,
akijifanya anatafuta barafu.

Jumapili iliyopita ilinyesha.
Wannes, mbeba chupa wetu, mtoto wa mfuga kuku,
mbele peke yake.
Kilomita tisa.
Nahodha nyuma, tairi limepasuka.

Nikaiona shingo ikigeuka rangi nisiyoijua.
Akaichukua redio. Akaiweka.
Akaichukua.
"Wannes," akasema, kisha kimya,
waipa zikaenda, zikarudi, zikaenda.
"Subiri."

Kijana hakugeuka.
Aliinua mkono hadi sikioni,
akakichomoa kile kidude, akakiacha kining'inie
kama hereni iliyokatika,
akasimama juu ya pedali.

Odilon hakusema kitu.
Mguu ulikanyaga.
Nilisikia zulia likichanika.

Alimaliza wa nne. Wa nne hapewi hata paja la nguruwe.
Jioni, supu ikiwa mezani, timu nzima ikisikia,
meneja alimtoza faini ya euro hamsini
kwa utovu wa nidhamu,
akaandika risiti kwa mkono wake, polepole,
kalamu ikimgomea mara mbili.
Nahodha akatikisa kichwa, akaridhika.

Usiku nilikuwa nyuma ya hoteli nikiosha minyororo.
Kupitia dirisha la ofisi nikamwona
akisukuma noti ndani ya kisanduku cha faini,
noti ya kwake, imekunjwa mara nne.
Kisha akatoka, akasimama karibu na ndoo yangu,
akatazama maji meusi kwa muda.

"Ule uzi," akasema,
"bado unao?"