Kucha

Zimeanza baada ya dripu ya tatu, Somoe,
kwanza kijivu, halafu weusi
unaopanda kutoka shinani
kama chai iliyomwagikia kitambaa.
Ukazinyoosha mbele ya taa:
"Miaka kumi na tisa ya kubangua
nilisingizia mafuta ya korosho.
Sasa nisingizie nini?"
Sikujua kama nicheke.
Nilipocheka, ulikwisha kuzificha ndani ya khanga.

Watu wanakuja na maneno yao.
Mmoja ana shangazi aliyepona kwa mizizi,
mwingine ana shangazi aliyekufa,
na wote wanataka uwasikilize mpaka mwisho.
Nawapa kile kiti kibovu
kinachobana mapaja, wasikae sana.
Ndiyo dawa pekee ninayoijua.

Mengine nimejifunza kwa kukosea.
Nilikaanga vitunguu, ukatapika hadi nyongo;
jiko nimelihamishia kwa mama Nanjota.
Nilisema "utapona tu,"
ukageukia ukutani, ukabaki huko mpaka alasiri.
Tangu hapo nauliza mambo madogo:
maji ya moto, au ya baridi?
Mlango niufunge?

Ulipotamani ming'oko msimu wake ulishapita.
Nikaingia porini, njia ya Kitangari,
ardhi imekaza, jembe linarudi mkononi,
nikachimba mpaka saa saba
nikapata minne, myembamba kama vidole vya mtoto.
Chumvi, pilipili kidogo.
Ukala mmoja.
Nusu, tusidanganyane.
Iliyobaki nimeimaliza mimi, nimesimama jikoni,
sikubakiza hata ganda.

Nywele hazikututisha.
Tulishanyolewa pamoja, wali wa mwaka mmoja,
wembe ule ule, beseni lile lile,
tukaambiwa ole wake atakayetikisa kichwa.
Juzi nimekunyoa mimi.
Ulitikisa.
Nikasubiri, wembe hewani, utikise mpaka uchoke.

Na sasa safari ya nne ya Ocean Road.
Faili, ndimu ya kunusa, kitenge cha kujifunika.
Nauli ya kwenda imetoka kwenye malipo ya pili ya korosho;
ya kurudi tutaijulia hukohuko.
Hukulala usiku kucha. Nami sikulala.
Tulihesabu ndoo za maji tunazodaiwa,
tukapotea hesabu, tukaanza upya,
kwa sababu ile hesabu nyingine
hakuna aliyetaka kuianza.

Standi ya Newala imezama ukunguni,
huoni basi mpaka uliguse.
Unanipa mkono nikupandishe ngazi,
nashika vidole vyako vyote vitano
taratibu, kama mayai.
Mpiga debe anagonga bodi:
"Kumekucha, jamani! Kumekucha!"
Unasimama ngazi ya pili, unapumua,
unanigeukia:
"Kumbe na yeye ameziona."

Safari hii sikuchelewa kucheka.
Tumechagua kiti cha upande usiopigwa na jua.