Harufu ya Ndizi

Fomu inauliza: Eleza tatizo kwa kifupi.
Wameacha mistari mitatu.
Dafroza akaandika: Watu wanapumua.
Nikamwambia, dada, hilo watalikata Dodoma.
Akafuta, akaandika sentensi ndefu
yenye "kemikali hatarishi" na "jamii lengwa",
na ruzuku ya serikali ikaja,
milioni thelathini na nane kwa mafungu matatu:
la kwanza kwa wakati,
la pili tumeshasahau tulivyoliomba.

Karakana yetu ni banda la uani, Mwandiga.
Ukuta mmoja tumeuazima kwa mkamua mawese.
Yeye huchukua mafuta, huvunja mise,
na maganda yanayobaki, meusi, magumu kama meno,
zamani yalifukia mashimo ya njia.
Sisi tunayapika katika pipa lisiloingiza hewa
hadi yawe mkaa, kisha tunayapitishia mvuke
ili mkaa uamke,
ufunguke vitundu ambavyo jicho halivioni,
vitundu ndani ya vitundu, vyote vina njaa.
Dafroza anasema kijiko kimoja kikikunjuliwa
kingetandika uwanja wa mpira, goli hadi goli.
Mimi ni mtunza hesabu.
Nimeandika: maganda, magunia sitini, bure.

Siku ya jaribio la maji tulimimina rangi ya buluu juu,
chini yakatoka maji meupe.
Mtoto wa mkamuaji akauliza, "Imekwenda wapi?"
Dafroza alieleza nusu saa.
Mtoto alikuwa ameshaondoka.

Barakoa alizikata fundi viatu
kwa mpira wa ndani wa tairi la lori,
mkaa wetu ukakaa kwenye kopo mbele ya mdomo.
Tukazipeleka Kasulu, kwenye ghala la ushirika
lenye mapipa ya dawa za kahawa za enzi zile:
lebo zimeliwa na mende,
na mende nao wamelala chali chini yake.

Kipimo chake ni rahisi, hata mimi nilikielewa.
Kuna kimiminika kinachonuka ndizi mbivu.
Unakipitisha mbele ya aliyevaa barakoa.
Akisikia ndizi, barakoa inavuja.
Karani wa ghala alisikia ndizi: ana ndevu.
Dereva hakusikia. Dafroza hakusikia.
Mimi nilisikia kidogo upande wa kushoto,
tukakaza mkanda, ikapotea.

Wa tano alikuwa Baranyikwa, mlinzi wa ghala,
miaka ishirini na miwili mlango ule ule.
"Unasikia?"
Akatikisa kichwa.
Dafroza akasogeza chupa. "Na sasa?"
Akatikisa kichwa.
Tukapiga makofi, dereva akapiga picha.
Baranyikwa akavua barakoa, akajifuta jasho,
na chupa bado iko wazi chini ya kidevu chake,
ghala zima linanuka soko la ndizi,
akauliza kwa adabu:
"Haya, mnaanza lini?"

Makofi yaliisha vibaya,
mtu mmoja mmoja.

Usiku, nyumba ya wageni, nilikuwa na jedwali.
Waliojaribu: watano. Waliofaulu: watatu.
Walioshindwa: mmoja.
Jumla haikubali.
"Muweke wapi Baranyikwa?" nikauliza.
Dafroza alikuwa ameshika kalamu
kama mtu aliyeshika kijiko mbele ya mgonjwa.
"Hakuna safu yake," akasema.
"Basi ongeza safu."
Fomu ya serikali haiongezwi safu.
Tuliongeza, kwa rula, kwa wino mwekundu,
ikaegemea pembeni kama banda letu.

Asubuhi kabla ya gari tulimpelekea mkungu mmoja.
Alimenya, akala, akatafuna taratibu
kama anayehesabu.
"Vipi?" Dafroza akauliza.
Akafikiri kwanza, hakutaka kutuudhi.
"Laini," akasema.

Nimeandika: ndizi, mkungu mmoja,
shilingi elfu tisa.
Risiti hakuna.