Printa ya Siwema

Saa mbili kamili naibonyeza swichi.
Saa mbili na robo bado inazungusha kile kiduara,
kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja kikombe.
Mwalimu wa Makorora amesimama kaunta,
mtihani wa darasa la sita uko kwenye flashi yake
na jicho lake liko kwenye saa ya ukutani.
"Inaamka," namwambia. "Ilichelewa kulala."

Nimeshajaribu ya wajuao na ya wasiojua.
Nimeizima, nimeiwasha.
Nimechomoa waya, nikahesabu hadi thelathini,
nikairudishia pumzi.
Nimefuta picha za pasipoti za miaka minne:
watu wazima, bluu nyuma yao,
wote wamekatazwa kucheka.
Jirani wa duka la vitenge alisema virusi.
Shemeji yake akasema jicho la watu.
Nikaichanja dhidi ya virusi, ikazidi kusinzia.

Ndipo akaja Msagati, bisibisi mfukoni,
akaufungua ubavu.
Vumbi, jamani! Vumbi lote la Barabara ya Kumi na Mbili,
nyuzi za mkonge sijui zilipitia wapi,
na mende mmoja, marehemu wa siku nyingi,
kalala chali kando ya feni kama mwenye nyumba.
Akapuliza. Akapangusa kwa brashi ya rangi.
Akaongeza kumbukumbu, kijiti mfano wa kitana cha mtoto,
elfu ishirini na tano, bila risiti.
Tukawasha.
Kiduara kikazunguka.

"Dada Nuhaila," akasema, "hii haiumwi. Hii inasubiri."
Akanionyesha orodha ya vinavyoamka nayo,
kimoja kimoja, hadi mstari wa chini kabisa:
Printa ya Siwema.

Kila asubuhi, kabla ya lolote,
inakwenda kubisha hodi kwenye printa ile.
Haijibiwi. Inabisha tena.
Binadamu hubisha mara tatu, akikosa jibu hurudi zake;
yenyewe haikufunzwa.
Inasimama pale mlangoni, na adabu zake zote,
halafu ndiyo inanikumbuka mimi.

Siwema alihamia Korogwe mwaka juzi
na printa yake, na nusu ya wateja,
na deni la karatasi ambalo kila mmoja wetu
anasema ni la mwenzake.
Tuligawana meza. Tuligawana hata pini.
Hakuna aliyeiambia mashine.

"Nitoe?" Msagati anauliza, kidole juu ya kipanya.
Mwalimu anakohoa kwa makusudi.
Nikasema toa.
Nikasema ngoja.
Nikasema toa.

Siku hizi inafunguka kabla sijakaa vizuri.
Mtihani ulitoka, nakala arobaini na mbili,
kwenye printa yangu inayotema wino pembeni;
swali la tatu lilififia, hakulalamika.
Wateja wanasifu.
Nami nina robo saa nzima kila asubuhi
isiyo na kazi,
simu mkononi, namba ya Korogwe
bado imeandikwa "Siwema Ofisini,"
na kidole changu juu yake
kinazunguka, kinazunguka.