Muundi wa Hesabu

Julai, Newala, darasa la tatu B.
Madirisha hayana vioo,
na upepo unaopanda kutoka bonde la Ruvuma
unaingia bila hodi, unakaa dawati la mbele.

Nimeuliza: saba mara nane?
Kimya.
Kisha nikamwona Nangumbi
kainama kama anayetafuta senti iliyodondoka,
njiti ya ufagio mkononi,
anapiga hesabu kwenye muundi wake.

Vijiti vinane, vyeupe. Vijiti vinane tena.
Akikosea anafuta kwa mate, anaanza upya.
Ngozi imekauka kama ganda la muhogo juani,
inaandikika kuliko daftari,
na daftari hana.

"Hamsini na sita, mwalimu."
Wakampigia makofi ya kilo.
Mimi nikatazama miguu ya wengine:
majina, magoli, basi la Masasi,
na mmoja kachora jogoo
mkia gotini, mdomo kwenye kifundo.

Jioni nikavua viatu vyangu.
Mimi wa Mikindani, niliyezoea ngozi kunata,
nilipanda huku na kopo la losheni ya waridi
likaniishia Mei.
Visigino vimefanya magaga;
usiku shuka linaning'ang'ania kama mdai.
Nikachemsha maji, nikaoga ya moto, ya moto kweli,
nikasugua kwa jiwe mpaka nikajiona nimepona.
Asubuhi, damu kwenye soksi.

Bi Somoe, mama yake Nangumbi, hubangua korosho.
Utomvu wa ganda umeshamvua viganja
mara ambazo hazihesabu tena.
Alikuja kwa mkutano wa wazazi,
akanitazama ninavyochechemea, akacheka:
"Mwalimu, maji ya moto ni ya kunyonyolea kuku.
Wewe oga vuguvugu, upesi, utoke.
Sabuni kwapani na panapostahili, muundi una kosa gani?
Usijifute ukakauka. Ngozi ingali mbichi, paka.
Mafuta hayaleti maji, mwalimu,
yanafunga mlango yaliyomo yasitoke.
Usiku visigino vipake zaidi, uvivalishe soksi.
Na pakitunga usaha usiniulize mimi,
zahanati ile pale."

Akatoa kapuni chupa ya mafuta ya ufuta,
aliyoikamua mwenyewe,
rangi ya chai isiyo na maziwa.

Mdomo ukanitangulia:
"Mbona Nangumbi hapakwi?"

Akaifunga chupa. Akaifunga tena, ilhali imeshafungwa.
"Ndoo ya maji imefika mia saba.
Chupa hii nikiiuza ni chumvi, ni kiberiti, ni daftari.
Na daftari," akasema, "umeona anakoandikia."

Nilinunua mbili.
Moja ya visigino vyangu, na nyingine
nikaiweka dirishani, kando ya boksi la chaki.
Kila asubuhi, wakishanawa kwenye beseni moja,
kabla hawajajifuta,
tone katika kila kiganja, nikiita mahudhurio.
Darasa likanukia kashata.
Wiki ya pili hakuna aliyejikuna,
na jogoo alikuwa amefutika, mkia wa mwisho.
Magaga yangu yakaziba polepole,
kama watu waliogombana wanaoanza kusalimiana.

Nikajisifu. Kwa nini nisijisifu?
Nikamwandikia dada yangu Mikindani,
nikamwambia nimeshinda kipupwe.

Ijumaa nikauliza: tisa mara sita?
Nikaona njiti inatoka mfukoni.
Nikamwendea Nangumbi taratibu.
Mguu wa kulia unang'aa kama pikipiki mpya.
Wa kushoto mkavu, mweupe, umepauka
kama siku ile ya kwanza.

"Huu je? Mafuta hayakutosha?"

"Yalitosha, mwalimu."
Akauvuta mguu chini ya dawati,
akaufunika kwa mkono kama mtu anayeficha jibu.
"Huu niliuacha makusudi.
Ukipakwa, hauandiki."

Darasa zima linasubiri.
Chaki imeanza kunivunjikia mkononi.
Naye ameshainama, anachora:
vijiti sita, vijiti sita,
vijiti sita.