Muhuri wa Safari ya Kumi na Moja

Kitabu ni cha buluu, mende wamekila pembeni.
Kimeishi zaidi ya miaka sitini ndani ya kopo la biskuti
chini ya kitanda cha bibi Somoe, Mikindani.
Jina: Ausi Chitanda. Kazi: dobi.
Meli: Dunmorra, ya London,
ingawa makuli wa Mtwara waliiita Dumora
na wengine, kwa dohani zake mbili, Bi Pacha.

Babu alikuwa dobi wa chini,
chini kuliko jiko, chini kuliko mstari wa maji,
pale ambapo bahari ni ubavu wa chuma unaotoka jasho
na mchana hujulikana kwa kengele.
Dunia aliijua kwa shuka zake:
zikipita Adeni, vumbi laini na usingizi wa shida;
zikitoka Unguja, madoa ya fenesi;
zikikaribia Beira, divai,
kwa sababu wasafiri walikuwa wakiagana.
Shuka mia tisa kwa juma,
na kola za maofisa, ngumu kama kibao cha mbuzi.
Wazungu, alisema, wanazitia wanga wa muhogo,
uleule tunaousonga sisi tukala.
Hilo lilimchekesha mpaka uzeeni.

Kila safari ikiisha, kapteni aligonga mihuri miwili.
Ujuzi: mzuri sana. Tabia: nzuri sana.
Geuza ukurasa.
Nzuri sana. Nzuri sana.
Mara kumi, kama pasi inayopita juu ya shati lilelile.

Kisha hii hapa.
Meli imefunga Mtwara, gati jipya bado linanuka saruji,
winchi zinapandisha mkonge,
na mtoto wa jirani anapaza sauti kutoka chini:
Somoe ameshikwa na uchungu tangu alfajiri!
Babu aliomba masaa manne. Akapewa mawili.
Lori la karanga lilimfikisha nusu ya njia,
nusu nyingine alikwenda na viatu mkononi.
Honi aliisikia akiwa amepiga magoti,
mikono iliyochunwa na sabuni
imepokea mtoto wa kike.
Hakuinuka.

Kitabu kiliachwa kwa wakala.
Ujuzi: mzuri sana.
Tabia: sina la kusema.
Baada ya hapo, kurasa tupu.

Hakuna meli iliyomchukua tena.
Alifungua udobi wake Chikongola, pasi ya mkaa, meza ya mbao za sanduku.
Dumora iliendelea kuja.
Akisikia honi, aliinua pasi juu ya nguo isiunguze,
akangoja inyamaze.
Baadaye tulisikia imeuzwa kwa uzito, kama chuma chakavu,
ikakatwakatwa huko mbali.
Labda tunapikia sufuria yake, nani ajuaye.

Mwaka juzi mama alikwenda kuandikishwa kitambulisho cha taifa.
Cheti cha kuzaliwa hana.
Akatoa kopo la biskuti.
Karani, kijana mwenye miwani, akasoma tarehe,
akasoma muhuri, akaupeleka kwenye mwanga,
akageuza kurasa tupu moja moja.
"Mama, mbona humu hujaandikwa?"
"Nimeandikwa," akasema. "Hapo kapteni alipokosa la kusema."

Karani akaenda kumuuliza mkubwa wake.
Tulikaa kwenye benchi, feni ikizunguka bila upepo.
Mama akaitandaza khanga yake mapajani,
akawa anainyoosha kwa kiganja,
kunjo moja, kisha jingine,
akibonyeza kwa nguvu penye pindo.