Kinyumenyume Kwanza

Hallbera amebandika tepu ya karatasi
pale kipima-kina kitakapokaa,
akachora msalaba kwa penseli ya seremala.
Nje, Flateyri: theluji ya majimaji, na Mei imeshaingia.

"Kinyumenyume kwanza," anasema Ketill, tochi mkononi.
"Meno yalambe, yasing'ate.
Ukiitia nyufa ngozi ya juu
hutazificha kwa rangi."

Keekee inanguruma taratibu. Duara linajichora,
jembamba kama alama ya kikombe mezani.
Ndipo anageuza swichi, mbele sasa,
mkono mwepesi, bila kuegemea,
kipande cha mbao kikisubiri upande wa pili.

Usipoziba ufa utajenga ukuta;
na baharini, fundi, utaujengea wapi?

Vumbi la faibaglasi linawasha mpaka kopeni.
Harufu ya rezini iliyolala miaka thelathini
imeamshwa.

Kisahani kinadondoka kiganjani, bado kina moto.
Ukingoni mna tabaka: nyeupe, buluu, nyekundu, buluu tena.
Nyekundu ni ya mwaka ule mama alipoondoka,
baba akaipaka mashua usiku kucha
bila kumuuliza mtu.
Baba, ambaye mashine hakuzitaka,
aliyepima kina kwa bildi na matusi.

Anazungusha kidole ndani ya tundu.
Safi. Hakuna ufa hata wa unywele.

"Paka gundi," anasema Ketill, "kabla hujaanza kulia."
"Silii. Ni vumbi."

Ketill anamulika tochi pembeni.