Mnada wa Saa Sita, Bergen

Dalali amevivika viatu vyetu plastiki ya samawati;
tunatembea kama wezi wenye adabu.
Torunn anafungua bomba, anahesabu kimoyomoyo
mpaka maji yapate moto. Arobaini.
Mimi nasukuma kabati kidogo:
nyuma yake ukuta umevimba, unatoka jasho
chini ya rangi ya juzi.

"Mvua tu," asema dalali.

Chumbani umebaki msumari mmoja,
na mraba mweupe
wa picha iliyohamia makao ya wazee.

Garini tunaandika bei. Tunapunguza elfu hamsini.
Tunazirudisha.
Vioo vimejaa ukungu wa pumzi zetu.
"Tuzibe ufa tusizibe," asema Torunn, "ukuta tutajenga.
Ila ule mraba
uliufunika kwa kiganja. Muda mrefu."

Sikujua.
Nikabonyeza.